Hariri Inapokataa: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na kazi yake kubwa imebebwa na watu wachache wa kujitolea. Wengine wanaoigusa ni wapitaji: mwalimu wa sekondari aliyeona tarehe imekosewa, mwanafunzi wa chuo aliyehudhuria semina ya siku moja, mtu anayeishi Muscat au Minneapolis aliyetafuta habari za wilaya ya babu yake akakuta mistari miwili tu. Mtu wa namna hii huandika kwa moyo wake wote, hubonyeza kitufe cha kuchapisha, kisha hukutana na ujumbe wa kumkatalia. Hapo ama tunampoteza, ama anaharibu.

Nasema anaharibu, na sitalipunguza neno hilo makali. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, haikatai hariri bila sababu, na karibu kila mara sababu imeandikwa palepale kwenye skrini. Makala haidhuriki kwa hariri iliyokataliwa. Hudhurika kwa yale ambayo mhariri huyafanya katika dakika tano zinazofuata: kubonyeza mfululizo bila kusoma, kubandika maandishi yake juu ya kazi ya mwenzake, kurudisha toleo la wiki iliyopita ili aanze upya, kufungua akaunti ya pili na ya tatu. Maagizo yafuatayo yanahusu dakika hizo tano.

Okoa maandishi yako kabla ya jambo lolote. Ujumbe wowote ukitokea, usirudi nyuma, usifunge kichupo, usifungue ukurasa upya. Teua maandishi yote yaliyomo kwenye kisanduku, yanakili, yabandike mahali pengine: kwenye programu ya kuandikia ya simu, kwenye barua pepe ya kujitumia mwenyewe, popote pasipotegemea kivinjari hicho. Baada ya hapo ndipo usome umeambiwa nini. Mpangilio huu usigeuzwe. Watu wengi wanaodai kwamba Wikipedia imewafutia kazi walikuwa nayo mbele ya macho, ila waligusa mshale wa kurudi nyuma.

Usiandike makala nzima ndani ya kisanduku cha kuhariri. Andika nje, uingie ukiwa na rasimu tayari. Umeme ukikatika, bando likiisha au simu ikiita katikati ya sentensi, rasimu yako itakuwa salama. Tena ukikaa na kisanduku wazi kwa muda mrefu, mambo mawili huenda yakatokea: mwenzako atachapisha kabla yako, au kipindi chako cha kuingia kitakwisha. Hilo la pili huleta ujumbe unaosema kwamba hariri haikuhifadhiwa kwa sababu data za kipindi zimepotea. Wengi huuogopa ujumbe huu bure. Maana yake ni kwamba kibali cha siri ambacho kivinjari chako kilipewa ulipofungua ukurasa, kinachothibitisha kwamba ni wewe unayechapisha na si tovuti nyingine inayojifanya wewe, hakitambuliwi tena. Chapisha tena mara moja. Ikikataa, toka kwenye akaunti, ingia upya, bandika maandishi uliyoyaokoa. Ikikataa tena, tazama kama kivinjari chako kimezimwa vidakuzi, kwa kuwa bila vidakuzi Wikipedia haiwezi kukumbuka kwamba uliingia.

Hariri sehemu, usihariri ukurasa mzima. Kila kichwa cha sehemu kina kiungo chake cha kuhariri. Kitumie hicho. Kwenye simu utatumia data kidogo, na kwenye makala inayoguswa na wengi utapunguza sana uwezekano wa kugongana na mwenzako.

Kugongana kwenyewe kunahitaji maelezo marefu, kwa kuwa hapo ndipo uharibifu mbaya kuliko wote hutokea, tena hufanywa na watu wema.

Tuchukue mfano wa makala kuhusu Tanzania katika siku zilizofuata tarehe 31 Oktoba 2022, matokeo ya sensa yalipotangazwa Dodoma: watu 61,741,120. Tuseme wahariri wawili wamefungua aya ileile. Wa kwanza anabadilisha jumla ya wakazi, anachapisha. Wa pili anarekebisha sentensi nyingine ya aya hiyo, inayohusu Zanzibar, naye anabonyeza kitufe dakika tatu baadaye. Programu yenyewe ina uwezo wa kuunganisha hariri mbili ikiwa zimegusa mistari tofauti. Lakini katika chanzo cha makala, aya nzima huhesabiwa kuwa mstari mmoja, hata ikiwa na sentensi kumi. Kwa hiyo kuunganisha kunashindikana, na mhariri wa pili anaonyeshwa ukurasa wa mgongano wenye maandishi mawili: yale yaliyokwisha kuchapishwa na yale yake.

Usibandike maandishi yako yote juu ya yaliyopo. Hapa nataka kueleweka bila shaka yoyote. Ukifanya hivyo, umefuta kazi ya mwenzako, na kumbukumbu itaonyesha kwamba wewe ndiwe uliyeifuta. Hutakuwa umekusudia, lakini idadi mpya ya sensa itakuwa imeondoka na ya zamani imerudi, na jina lako liko kando yake. Mwenzako naye atadhani umempinga, atarudisha yake, na yako itapotea. Ugomvi mwingi unaosomeka kwenye kurasa za majadiliano ulianza namna hii, pasipo yeyote kumpinga mwingine.

Chukua toleo lililopo kama msingi, kisha ongeza lako. Soma mwenzako amebadilisha nini. Acha aliyoyaweka. Tafuta sentensi zako tu, ziingize mahali pake, tazama hakikisho, chapisha. Kama umebadilisha mambo mengi mno kiasi kwamba huwezi kuyatenganisha, acha mgongano huo kabisa: nenda kwenye ukurasa wa kawaida, fungua hariri mpya, uingize mabadiliko yako sehemu baada ya sehemu kutoka kwenye nakala uliyookoa. Itachukua robo saa. Kazi ya mwenzako inastahili robo saa yako.

Ukijua utafanya kazi ndefu, tangaza mapema. Kipo kigezo, yaani kipande cha msimbo kilichotayarishwa, cha kuweka juu ya makala kuwaarifu wengine kwamba ukurasa unaandikwa. Kiweke unapoanza, kiondoe unapomaliza. Kigezo kilichosahauliwa juu ya makala kwa miezi sita ni uongo kwa msomaji na ni kizuizi kwa wenzako.

Sasa zuio. Kwa wahariri wa Afrika hili ni jambo zito kuliko mengine yote, na linapoteza watu ambao hawana kosa lolote.

Unafungua makala, unagusa Hariri, unaambiwa umezuiwa. Hujawahi kuandika chochote. Ujumbe unamtaja mtu usiyemjua kuwa ndiye aliyekuzuia, unataja sababu isiyokuhusu, na tarehe ya mwisho ambayo pengine iko miaka miwili mbele. Usichukulie kwamba umeshtakiwa. Kilichozuiwa ni anwani ya IP ambayo simu yako imeazimwa kwa saa hiyo. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima na hazitoshi. Kampuni za simu huwapanga maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Mtu mmoja akivandalisha kurasa akiwa Mwanza au Mombasa, anwani au kundi zima la anwani linafungwa, na wewe uliyekaa kwa utulivu ukirekebisha tahajia unafungwa pamoja naye.

Kuna aina ya pili. Wikimedia, familia ya miradi ambamo Wikipedia imo, huzuia kwa jumla anwani za VPN na za seva za kupitishia mawasiliano, kwa kuwa wavandali hujificha humo. Hapa Afrika Mashariki VPN imekuwa kitu cha kila siku kwa sababu zisizohusiana kabisa na uvandali. Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na watu wengi wakajifunza VPN mwaka huohuo. Facebook ikafungwa nchini humo Januari 2021, na VPN zikabaki kwenye simu. Mtu huiwasha asubuhi kwa ajili ya mtandao mmoja, anaisahau, kisha jioni anashangaa Wikipedia ikimkatalia.

Zima VPN kwanza, kisha jaribu tena. Tazama pia kama kivinjari chako chenyewe hupitisha mawasiliano kwenye seva za watu wengine kwa ajili ya kupunguza data au kuficha anwani. Baadhi ya vivinjari vya simu hufanya hivyo, na iCloud Private Relay ya Apple huleta tatizo lilelile.

Fungua akaunti na uingie. Mazuio mengi ya anwani huwagusa tu wasioingia. Kama anwani yako imezuiwa hata kufungua akaunti, tumia mtandao mwingine: laini ya kampuni tofauti, intaneti ya maktaba au ya chuo. Akaunti ikishafunguliwa itafanya kazi kwenye Wikipedia za lugha zote. Weka barua pepe kwenye akaunti hiyo siku ileile, na usingoje kesho, kwa sababu bila barua pepe nenosiri likisahauliwa hakuna mtu wa kukurudishia.

Wale wanaohariri bila akaunti wajue pia kwamba Wikimedia imeleta akaunti za muda. Mtu akihariri bila kuingia hupewa jina lenye mwaka na tarakimu, linalotunzwa na kidakuzi ndani ya kivinjari, na linakufa baada ya siku 90. Ukisafisha vidakuzi, au ukibadilisha simu, jina hilo limekwenda na huwezi kudai kwamba hariri zile zilikuwa zako. Mtu anayekusudia kuchangia kwa dhati asitegemee jina la namna hiyo.

Omba msamaha wa zuio la IP kwa utaratibu wake. Haki hiyo ipo, inaitwa hivyo hasa, na hutolewa kwa wahariri waaminifu ambao hawana njia nyingine ya kuingia. Zuio likiwa la Wikipedia ya Kiswahili peke yake, waombe wakabidhi, yaani wasimamizi wake. Likiwa la wiki zote, ombi linapelekwa Meta-Wiki kwa wasimamizi wa jumla. Katika ombi lako nakili nambari ya zuio iliyomo kwenye ujumbe. Bila nambari hiyo anayekusaidia anapapasa gizani.

Usifungue akaunti ya pili ili kukwepa zuio lililowekwa juu ya akaunti yako. Hili ni tofauti na zuio la anwani. Kama ni jina lako lililozuiwa, kuna mtu aliyeona hariri zako akachukua hatua. Mjibu kwenye ukurasa wako wa majadiliano, ambao kwa kawaida huachwa wazi kwa ajili hiyo. Ukirudi kwa jina jipya, wapo watu wenye zana za kulinganisha akaunti, na watakapokubaini hutaaminika tena hata ukisema kweli.

Mazuio mengine hayamhusu mtu, yanahusu kilichomo ndani ya hariri.

Usitumie viungo vilivyofupishwa. Huduma za kufupisha viungo kama bit.ly na TinyURL zimo kwenye orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku kwa wiki zote za Wikimedia, kwa kuwa zinaficha mahali msomaji anapopelekwa. Hariri yenye kiungo hicho haitapita, hata kama makala inayorejelewa ni ya gazeti la kuaminika. Ujumbe wa kukataa hukutajia kiungo chenyewe kilichokamatwa. Kitafute, weka anwani kamili, chapisha. Waliopata kiungo kupitia WhatsApp ndio hunaswa zaidi, kwa kuwa kimeshapita mikono mingi.

Kuna vichujio pia, ambavyo hutazama hariri kabla haijaingia na kuzuia zile zinazofanana na uharibifu: mtu mpya anayefuta ukurasa wote, anayejaza herufi kubwa tupu, anayerudia neno moja mara mia. Kichujio hukosea. Kikikuzuia bila haki, usicheze nacho kwa kubadilisha herufi mojamoja ili upenye. Kila jaribio linaandikwa kwenye kumbukumbu, na mfululizo wa majaribio kumi unakufanya uonekane mhalifu. Acha, eleza kwa mkabidhi ulichotaka kufanya. Naye akitazama kumbukumbu atakiona kichujio kilichokosea na huenda akakirekebisha kwa faida ya wote.

Akaunti mpya ikiongeza kiungo cha nje, itaombwa kuandika herufi zilizopindapinda ili kuthibitisha kwamba ni binadamu. Ziandike. Ukihariri kwa usaidizi wa kisoma skrini na huzioni, mwombe mkabidhi. Lipo suluhisho la kukuondolea sharti hilo.

Tazama historia kabla ya kulalamika kwamba hariri haionekani. Gusa kichupo cha historia juu ya makala. Hariri ikiwa imeorodheshwa pale, imehifadhiwa, na tatizo ni nakala ya zamani unayoonyeshwa. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F5 pamoja. Kama bado, ongeza ?action=purge mwishoni mwa anwani ya ukurasa, uthibitishe, na seva italazimika kuutengeneza upya. Jamii, yaani kundi la makala, isiyotaka kuonyesha makala mpya hutibiwa kwa kufungua hariri na kuichapisha bila kubadilisha chochote. Tendo hilo haliandikwi kwenye historia, ila linasukuma viungo visasishwe. Ukibadilisha kigezo kinachotumika kwenye maelfu ya kurasa, ngoja. Kazi hiyo hupangwa foleni na kurasa hubadilika polepole, saa kadhaa wakati mwingine. Kuhariri kigezo tena na tena ili kukiharakisha kunairefusha foleni.

Hariri ikiwa haimo kwenye historia, haikuchapishwa. Ikiwa imo lakini juu yake kuna hariri nyingine iliyoitengua, basi umepingwa, na dawa yake iko mbele.

Usichanganye vihariri viwili. Wikipedia ina kihariri cha kuona, ambapo maandishi yanaonekana jinsi yatakavyosomwa, na kihariri cha chanzo, ambapo unaona msimbo. Ukiandika mabano ya mraba na alama za msimbo ndani ya kihariri cha kuona, programu inadhani unataka msomaji azione alama hizo, hivyo inazifunga kwa msimbo wa nowiki. Matokeo yake ni ukurasa uliojaa mabano badala ya viungo. Chagua kimoja kabla ya kuanza.

Usibandike moja kwa moja kutoka Word. Word hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda. Kwa macho ni nzuri zaidi. Ndani ya msimbo zinavunja tanbihi: jina la tanbihi lililozungushiwa alama za kupinda halifahamiki sawasawa, na chini ya makala panatokea maandishi mekundu ya hitilafu. Mtu anaweza kuitazama tanbihi hiyo saa nzima asione kosa, kwa sababu kosa ni mkunjo mdogo wa alama. Futa alama hizo, uziandike upya kwa mkono ndani ya kisanduku.

Hitilafu nyekundu zikitokea kwenye Marejeo, zikague kwa mpango huu. Je, kila tanbihi iliyofunguliwa imefungwa kwa </ref>? Je, tanbihi iliyoitwa kwa jina imewahi kuelezwa mahali popote kwenye ukurasa, au mtu alifuta aya iliyokuwa na maelezo yake? Je, jina moja limepewa vyanzo viwili tofauti? Karibu kila hitilafu ya tanbihi ni mojawapo ya hizo tatu. Ya pili ndiyo hutokea zaidi katika makala zilizotafsiriwa kwa sehemu: mtafsiri anachukua aya ya nne ya Kiingereza, lakini chanzo chenyewe kimeelezwa katika aya ya kwanza ambayo hakuichukua. Rudi kwenye makala ya asili ukachukue maelezo kamili. Usifute tanbihi ili wekundu uondoke. Umeondoa ushahidi ukaacha dai.

Vigezo vikionekana kama msimbo mtupu juu ya makala, hesabu mabano yenye mikunjo. Mawili ya kufungua yanataka mawili ya kufunga. Aya ikionekana ndani ya kisanduku chenye herufi za taipureta, kuna nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari, iondoe. Aya mbili zikigandana kuwa moja, umebonyeza kitufe cha mstari mpya mara moja badala ya mara mbili.

Neno unaloliona ukurasani likiwa halimo kabisa kwenye chanzo, linaletwa kutoka kwingine: ama kwenye kigezo, ama Wikidata, hifadhidata ya pamoja ya miradi ya Wikimedia. Viungo vya lugha nyingine navyo vinatunzwa Wikidata tangu 2013. Rekebisha huko, ukikumbuka kwamba marekebisho ya Wikidata yanaonekana kwenye Wikipedia za lugha nyingine pia.

Picha isiyotokea, ikiacha kiungo chekundu, kwanza kagua jina lake. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, hata kwenye tamati: .JPG si .jpg. Jina likiwa sahihi, fungua Wikimedia Commons, hazina ya picha ya miradi hiyo, usome kumbukumbu ya kufutwa. Picha iliyonakiliwa kutoka Instagram ya mwanamuziki itafutwa, hata kama mwanamuziki huyo ni rafiki yako na amekubali kwa mdomo.

Usirudishe toleo la zamani ili kuondoa kosa moja. Kutengua hariri moja kunawezekana kutoka kwenye historia, lakini kama wengine wameshagusa mistari hiyohiyo baadaye, utaambiwa kwamba haiwezekani kwa sababu ya hariri zilizoingilia kati. Hapo wahariri wasio na subira hufungua toleo la mwezi uliopita na kulichapisha. Kosa linaondoka. Pamoja nalo zinaondoka tanbihi, tarehe na marekebisho yote ya watu wengine yaliyofanywa katika mwezi huo, na juu ya ukurasa lilikuwepo onyo lililosema hivyo hasa. Rekebisha kosa kwa mkono.

Hariri yako ikitenguliwa na mtu, usiirudishe kabla ya kusoma muhtasari wake wa hariri na kuuliza. Nichukue makala ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, hilo linajulikana. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika, na vyanzo vinatofautiana. Mhariri mmoja ataweka mwaka aliousoma gazetini, mwingine ataweka mwaka alioambiwa na mzee wa Unguja, na wote wawili wanaweza kurudishana hadi ukurasa ufungwe. Hakuna atakayeshinda kwa kubonyeza kitufe mara nyingi zaidi. Kinachotakiwa ni kuandika ndani ya makala kwamba vyanzo vinatofautiana, na kuvitaja kila kimoja kwa tanbihi yake. Fungua ukurasa wa majadiliano, weka vyanzo vyako, ngoja jibu. Jumuiya hii ni ndogo, jibu linaweza kuchukua wiki. Ngoja wiki.

Na wewe unayetengua hariri za wageni: usitengue kimya. Andika muhtasari kwa Kiswahili cha heshima, useme kasoro ni ipi. Mtu aliyefutiwa bila neno hurudi kwa hasira au harudi kabisa, na sisi hatuna watu wa kutupa.

Wapo ambao hariri zao hupotea hata kwenye historia, zikiwa zimepigwa mstari na hazifunguki. Karibu kila mara ni hakimiliki. Usinakili makala ya gazeti, kitabu wala tovuti ya wizara, hata ukitaja ulikoitoa. Kutaja chanzo hakukupi ruhusa ya maneno. Maandishi ya Wikipedia yanatolewa chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0, maana yake yeyote anaweza kuyatumia hata kwa biashara, nawe huwezi kuwapa watu kitu ambacho si chako. Soma, funga chanzo, andika kwa maneno yako. Ukitafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza unaruhusiwa, kwa sharti la kutaja makala ya asili ndani ya muhtasari wa hariri. Na tafsiri ya mashine usiichapishe bila kuipitia sentensi kwa sentensi. Zana ya kutafsiri ya Wikipedia hupima ni kiasi gani umebadilisha matokeo ya mashine, na ukibadilisha kidogo mno hukuzuia. Kizuizi hicho nakiunga mkono kikamilifu. Kiswahili cha mashine kilichoachwa kama kilivyo kimejaza kurasa ambazo msomaji huzifunga kwenye sentensi ya pili.

Ukurasa uliolindwa haukupi Hariri, unakupa kutazama chanzo tu. Ulinzi mdogo unazuia akaunti zenye umri chini ya siku 4, ngoja zipite. Ulinzi kamili unawaachia wakabidhi pekee. Andika ombi kwenye majadiliano, ukiweka sentensi ya sasa na sentensi unayoitaka, ili mkabidhi asilazimike kukisia.

Ujumbe wa hifadhidata kufungwa kwa matengenezo unahitaji subira tu. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, Wikimedia huhamisha kazi kati ya kituo chake cha Virginia na cha Texas, na kwa dakika chache wiki zote zinasomeka lakini haziandikiki. Kwa saa zetu huwa jioni. Usichapishe, kunywa chai, rudi.

Omba msaada kwa namna inayosaidika. Usiandike kwamba Wikipedia imegoma. Andika kichwa cha makala, jina la akaunti yako, saa uliyojaribu, kama ulikuwa kwenye simu au kompyuta, kivinjari gani, ulikuwa unatumia kihariri kipi, na maneno ya ujumbe yote, neno kwa neno, pamoja na nambari yoyote iliyomo. Picha ya skrini ni nzuri, lakini maneno yaliyonakiliwa yanatafutika na picha haitafutiki. Angalizo moja: ujumbe wa zuio unaweza kuonyesha anwani yako ya IP, nayo usiiweke hadharani, mpelekee mkabidhi kwa barua pepe kupitia ukurasa wake wa mtumiaji. Tatizo likitatuliwa, rudi chini ya swali lako uandike lilivyotatuliwa, kwa sentensi mbili au tatu, ili mwingine atakayebandika ujumbe uleule kwenye kisanduku cha kutafutia mwakani akute jibu la Kiswahili.